Mechi Tatu za SoNy Sugar

MSIMAMIZI WA LIGI: Kanuni ilikuwapo kabla msimu haujaanza, na SoNy Sugar waliingia ligini wakiijua: klabu isipotokea uwanjani mara tatu, safari yake imekwisha. Msimu wa 2019/20 hawakutokea mara tatu. Wakatolewa, matokeo yao yakafutwa, Ligi Kuu ikaendelea na timu 17. Najua mtaniambia hawa ni mabingwa wa Kenya wa mwaka 2006, klabu ya Awendo iliyowanyang'anya wakubwa wa Nairobi taji na kuliweka Migori. Ni kweli, na hayahusiani. Mechi moja ya ligi hufungamanisha watu wengi kwa mpigo. Timu ngeni imelipa basi na malazi, marefa wametoka kwao, askari wamepangiwa zamu, mama wa mandazi amekanda unga usiku. Wapinzani wanavaa jezi, wanakaguliwa, wanasimama wakingoja watu ambao hawako kwenye barabara yoyote, hatimaye refa anapuliza kipenga na kwenda kuandika ripoti. Ikitokea mara moja tutasema bahati mbaya. Ikifika mara ya tatu jedwali zima limeharibika, kwa sababu aliyetoka jasho dakika 90 kuwafunga SoNy ana pointi tatu, na aliyekaa kwenye nyasi akila ndizi ana pointi tatu hizo hizo.

SHABIKI WA AWENDO: Mkubwa, kanuni unaijua, ila umemkamatia mtu asiyehusika. Ile kanuni ya mechi tatu ilitungwa kwa ajili ya mkaidi: klabu iliyochukizwa na refa ikasusa, mwenyekiti anayetaka kuitikisa ligi, timu inayokwepa kipigo. SoNy hawakususa. Walikosa nauli. Kutoka Awendo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Hadi Mombasa kwa Bandari ni zaidi ya 800, na kikosi cha Ligi Kuu hakisafiri kwa matatu za kuungaunga. Sasa tazama tarehe. Agosti 2019, msimu ukiwa mlangoni, SportPesa waliondoa ufadhili wao baada ya kunyimwa leseni mpya na serikali kwa sababu ya mvutano wa kodi. Ligi ikaanza bila mfadhili mkuu, na mgao ambao klabu ndogo zilikuwa zikiutegemea kwa mafuta ya basi ukakatika. Kwa hiyo kabla SoNy hawajakosa kutokea, ligi yenyewe ilikuwa imeshakosa kutokea, na hakuna refa aliyeiandikia ripoti. Asiyetaka na asiyeweza mmewatia kapu moja, mkawapa adhabu moja.

MSIMAMIZI WA LIGI: Mfadhili alipoondoka hakuwaacha SoNy peke yao, aliwaacha wote. Chemelil, ndugu zao wa sukari kule Kisumu, waliokuwa wakikutana nao katika debi ya sukari, mfuko wao ulitoboka vile vile. Waliburuza miguu, wakapigwa nje na nyumbani, wakawa mkiani. Korona iliposimamisha ligi Machi 2020 na baadaye Gor Mahia wakatangazwa mabingwa, Chemelil walishushwa daraja kwa hesabu ya jedwali. Walishuka wakiwa bado ligini. Tena SoNy haikuwa timu ya vijana wa kijiji wanaochangishana. Nyuma yake ilikuwapo South Nyanza Sugar, kampuni ambayo karibu hisa zake zote ni za serikali. Mwenye mali wa kiwango hicho akishindwa kupeleka basi Machakos, maelezo yanatakiwa kutoka kwake, si kwa ligi. Na kuna jambo lingine ambalo mashabiki hamlipendi: timu isiyolipwa ni soko. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne kwa njama ya kupanga matokeo ya mechi za Ligi Kuu yetu, mmoja wao maisha. Mwaka uliofuata Zoo ya Kericho ikatolewa ligini kwa uamuzi wa FIFA, kosa ni lile lile. Sisemi SoNy waliuza mechi. Nasema ukiiacha klabu isiyolipa mishahara izururezurure ligini kwa huruma, unawakaribisha watu wenye bahasha.

SHABIKI WA AWENDO: Basi nikupeleke Italia, maana huko ndiko hoja yako inakokwama. Parma ilibebwa na Parmalat, kampuni ya maziwa, kama SoNy ilivyobebwa na miwa. Fedha za maziwa ziliipa Kombe la UEFA mwaka 1995 na tena 1999. Desemba 2003 Parmalat ikaporomoka, ikajulikana kwamba vitabu vyake vilikuwa vimepikwa kwa miaka, na klabu ikaanza kupita mikono hadi mikono. Msimu wa 2014/15 ikiwa Serie A, wachezaji walikaa miezi bila mshahara. Klabu ikauzwa kwa euro moja, bei ya kikombe cha kahawa. Februari 2015 mechi ya nyumbani dhidi ya Udinese haikuchezwa kwa sababu hapakuwa na fedha za kulipa walinzi wa uwanja. Wiki iliyofuata safari ya Genoa nayo haikufanyika. Machi aliyeinunua akatiwa mbaroni, mahakama ikatangaza kwamba klabu imefilisika, madeni yakiwa zaidi ya euro milioni 200. Mechi mbili zilikuwa zimeshaota mbawa. Je, Serie A ilikaa ikihesabu, imebaki moja? Klabu zenyewe zilipiga kura kutoa euro milioni 5 ili Parma imalize msimu chini ya wasimamizi waliowekwa na mahakama. Tarehe 11 Aprili timu hiyo iliyofilisika ikawafunga Juventus, mabingwa wa nchi, bao 1-0. Adhabu haikuikwepa: ilikatwa pointi, ikamaliza mkiani, ikaanza upya Serie D, daraja la nne, na ikachukua hadi 2018 kurudi juu. Lakini adhabu ilingoja ratiba iishe. Waitalia walielewa kwamba kuiweka hai timu mahututi hadi Mei ni kujilinda wao wenyewe, kwa sababu ukiifuta katikati ya msimu umefuta na jasho la waliokwisha kucheza nayo. Wewe umelia kuhusu jedwali lililoharibika. Dawa yako ya kulitengeneza ilikuwa kuyafuta matokeo yote ya SoNy, hata ya mechi walizotokea na kucheza.

MSIMAMIZI WA LIGI: Umeipita haraka ile milioni 5, na hapo ndipo kilipo kiini. Serie A ilikuwa na mfuko. Ina mikataba ya televisheni inayoifanya mechi moja isiyochezwa kuwa hasara kubwa kuliko kumlipia Parma nauli. Ligi yetu mwaka 2019 ingetoa wapi? Ingewaomba Mathare United wachangie basi la SoNy, wakati Mathare wenyewe wameachwa na mfadhili yule yule? Hata huko Italia si wote waliokubali. Cesena walipiga kura ya hapana, na si kwa roho mbaya: walikuwa wakihangaika kule chini, na kila senti iliyomwinua aliyefilisika ilikuwa ikimkandamiza aliyejitahidi kulipa watu wake. Huo ndio upande ambao huruma haiuoni. Isitoshe, Parma walikuwa wameshaonywa mapema. Mwaka 2014 walimaliza wa sita, wakanyimwa leseni ya kucheza Ulaya kwa sababu ya kodi isiyolipwa. Taa nyekundu iliwaka mwaka mzima kabla.

SHABIKI WA AWENDO: Cesena walishuka msimu huo huo, na mwaka 2018 wakafilisika wao pia. Na kuhusu taa nyekundu, nakushukuru kwa kunisaidia. Kwa SoNy taa ilikuwa wapi? Kila mtu kutoka Rongo hadi Migori mjini alijua kiwanda kinadaiwa kila upande. Ofisi ya leseni ya klabu ikaona kila kitu kiko sawa, msimu ukaanza, miezi michache baadaye mkashangaa. Kama leseni ina maana, Agosti mngewaambia: onyesheni fedha za kumaliza safari zote za ugenini, la sivyo tuzungumze kabla mpira haujapigwa. Hamkuuliza, kwa sababu mlizihitaji timu 18 kwenye karatasi.

MKULIMA WA MIWA: Mnabishana nani angelilipia basi, na hakuna aliyeuliza basi lile miaka yote lilikuwa likilipiwa na nini. Lilikuwa likilipiwa na miwa. Kiwanda cha Awendo kilianza kusaga mwaka 1979. Mkulima wa Migori, na wa Ndhiwa huku Homa Bay, huuweka muwa ardhini akasubiri mwaka na nusu, wakati mwingine miaka miwili, kabla hajaiona shilingi. Kampuni humkopesha kulima, mbegu na mbolea, kisha hukata gharama hizo kwenye malipo pamoja na za kukata miwa na za trekta hadi kwenye mizani. Kinachosalia ndiyo karo. Sasa kafungueni rekodi za Mahakama Kuu ya Migori mtazame kesi za wakulima dhidi ya South Nyanza Sugar. Zimerundikana, na hadithi yake ni moja: mkataba unasema kampuni itakuja kuvuna, muwa unakomaa, unapitiliza, unakauka umesimama, kampuni haiji. Mahakama inaachiwa kazi ya kukisia muwa ule ungekuwa na uzito gani, na kama fidia ni ya zao la kwanza tu au pamoja na machipukizi mawili ambayo yangefuata. Bwana msimamizi, huko ndiko kuna kutotokea. Wachezaji hawakutokea mara tatu, dunia ikajua. Lori la miwa lisipotokea msimu mzima, mkulima hapati pointi tatu za mezani.

SHABIKI WA AWENDO: Mama, uchungu wako naujua, ni wa nyumba nyingi za Awendo. Lakini usiupige teke mpira kwa kosa la mizani. Kiwanda hakikuzamishwa na jezi. Kilizamishwa na mitambo iliyochakaa, madeni ya serikali yaliyoumuka kwa riba na adhabu, sukari ya bei nafuu ya kutoka nje, na kunyang'anyana miwa baada ya viwanda vipya kufunguliwa, Transmara kule Narok mwaka 2011 na kile cha Sukari Industries huko kwenu Ndhiwa. Kunyang'anyana huko kulifika mahali ambapo Julai 2023 usagaji ulisimamishwa kwa sababu watu walikuwa wakikata miwa michanga. Katika orodha hiyo nitajie kosa moja la mshambuliaji. Bajeti ya timu ukiiweka kando ya deni la kiwanda haionekani. Na faida yake ilikuwapo, ila haipimwi kwa tani: kijana wa Awendo alijua kwamba hapa hapa, bila kuhamia Nairobi, anaweza kucheza Ligi Kuu, akalipwa, akaajiriwa kiwandani buti zikichoka.

MKULIMA WA MIWA: Sikusema timu ilikizamisha kiwanda. Nimesema hakuna aliyetuuliza. Udogo wa fedha si jawabu kwa mtu anayekudai. Ukinidai elfu mbili na ukaniona nikiwanunulia rafiki zangu soda, huniambii soda ni bei ndogo. Na ninyi watu wa mpira mna desturi ya kuiita timu ya kampuni timu ya watu. Watu gani? Mkulima wa Ndhiwa siku hizi anaweza kupeleka muwa wake Riat kwa Sukari Industries akalipwa huko. SoNy inamhusu nini? Mwenye kampuni akiamua kesho kwamba mpira umekwisha, mashabiki elfu kumi hawana kura hata moja. Ndivyo ilivyokuwa 2019. Mnailaumu ligi kwa kuzima taa, na aliyekata waya alikuwa mwenye nyumba.

MSIMAMIZI WA LIGI: Hilo ndilo nimekuwa nikilisema tangu mwanzo.

MKULIMA WA MIWA: La, wewe umesema kanuni ni kanuni. Mimi nasema umemchapa mtoto kwa deni la baba. Kanuni yenu ilimwondoa kipa na beki ambao pengine walikuwa wanadai mshahara kama mimi ninavyodai pesa za miwa. Mwenye klabu ilimfanya nini? Ilimpunguzia gharama. Alitolewa kwenye ligi asiyoitaka tena, na hata barua ya kujitoa hakuhitaji kuandika.

MSIMAMIZI WA LIGI: Hapo nitakubali nusu. Ni kweli adhabu ya kutolewa haimuumi mwenye klabu aliyekwisha kukata tamaa, na ni kweli wachezaji walibaki katikati ya msimu bila ligi. Lakini ligi ina mkataba na klabu, haina mkataba na bodi ya kiwanda wala na wizara. Fimbo yetu inafika pale inapofika. Mlitaka tumpeleke nani mahakamani, Hazina ya Taifa? Na swali langu bado halijajibiwa. Timu ikibaki kwenye ratiba, Jumamosi ijayo nani anatia mafuta?

SHABIKI WA AWENDO: Kaunti. Katiba ya 2010 imeweka michezo na viwanja mikononi mwa kaunti. Tazama Homa Bay: wana uwanja wa Raila Odinga, ule uliobeba sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2025, na Shabana ya Kisii wamecheza humo mechi zao za nyumbani za Ligi Kuu. Watu wa Gusii waliteremka hadi ziwani, wakajaza uwanja, wakala samaki, wakarudi na nyimbo zao. Kaunti jirani imepata soko la Jumapili kwa timu ambayo hata si yake. Migori ilikuwa na bingwa wa nchi nyumbani kwake, ikamtazama akifa.

MKULIMA WA MIWA: Shabana umewataja mwenyewe. Hao ni timu ya watu. Hakuna kiwanda kinachoweza kuwazima.

SHABIKI WA AWENDO: Nao jina lao ni la duka la vifaa vya ujenzi la Kisii; walianza kwa mkono wa mfanyabiashara, kama sisi tulivyoanza kwa mkono wa kiwanda. Tofauti ni kwamba mkono ulipoondoka, watu walibaki. Lakini usiifanye iwe rahisi. Shabana walishuka Ligi Kuu mwaka 2006, mwaka ule ule SoNy walipotwaa ubingwa, na walirudi 2023. Miaka 17, mama. Kizazi kizima cha Kisii kilisimuliwa Shabana kama hadithi ya babu. Ukisema tuijenge SoNy ya watu badala ya SoNy ya kampuni, nakubali, ila usiniambie hiyo ni njia ya mkato. Mtu aliyezaliwa Awendo leo atakuwa na ndevu kabla hajaona Gor Mahia wakija uwanja wetu wa Green Stadium kwa mechi ya ligi.

MSIMAMIZI WA LIGI: Na kaunti nazo si kisima. Vihiga United ilibebwa na serikali ya kaunti, ikapanda Ligi Kuu, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka. Gavana ana miaka mitano, mara nyingi mrithi wake anaiona timu kama bango la mtangulizi. Umetoa timu kwenye kiwanda kinachodaiwa ukaitia kwenye bajeti inayongoja mgao kutoka Nairobi miezi mitatu kila mwaka. Kutakuwa na mechi nyingine tatu, na mtarudi hapa kuniuliza kwa nini sikuwa na huruma.

MKULIMA WA MIWA: Mimi nisingeitia kwenye bajeti ya zahanati pia. Lakini kuna mlango ambao mmeupita nyote wawili. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa watu binafsi kwa miaka 30. Nzoia, Chemelil, Muhoroni, na hiki chetu cha Awendo, ambacho kimechukuliwa na Busia Sugar. Miaka 30 ni mikataba ya miwa ya wajukuu. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya nani atalipa malimbikizo ya wakulima na mishahara ya wafanyakazi, na ilistahili iwe hivyo. Aliyekodi amekodi mitambo na shamba. Hakukodi ubingwa wa 2006. Kama watu wa Awendo wanaitaka klabu, huu ndio wakati wa kuitenga na vitabu vya kiwanda: iandikishwe kwa jina la wanachama, kiwanda kikitaka kuweka jina lake kifuani kilipe kama mtangazaji yeyote, kwa mkataba wenye tarehe, nami mkulima niuone.

SHABIKI WA AWENDO: Na ligi nayo ibadilishe kanuni yake. Klabu ikikosa mechi ya kwanza kwa fedha, vitabu vifunguliwe wiki hiyo hiyo, mwenye klabu aitwe, awekwe msimamizi wa muda wa kuimaliza ratiba, ishuke mwisho wa msimu ikibidi. Mwenye klabu asilipe kwa kuondoka tu, afungiwe kumiliki timu nyingine hadi mchezaji wa mwisho apate mshahara wake. Mechi ya tatu isifike kabla mtu hajauliza kilichotokea kwenye ya kwanza.

MSIMAMIZI WA LIGI: Andikeni pendekezo hilo, nitalipeleka. Lakini msimamizi wa muda atakuwa na funguo za ofisi na kabati la jezi, basi. Fedha za safari ya Mombasa zitakuwa kwenye akaunti gani?

MKULIMA WA MIWA: Akaunti yoyote, ila kwanza isomwe mbele ya wanaoidai.